Kipenga Kwenye Meza ya Chakula

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo. Kazi! Ofisi yangu ni meza ya chakula ya mama mkwe, upande wa dirishani, na bosi ni mama mkwe mwenyewe. Wenzangu wa kampuni ya bima wangenicheka hadi wakae chini. Wacheke tu. Wao pia wanasubiri barua ya kuachishwa kazi kama ile niliyopewa mimi Januari.

Mezani kuna kitambaa cha plastiki kilichochanika pembe moja, kompyuta mbili, chupa ya chai na kipenga. Kipenga hasa, cha chuma, na kamba yake nyeusi. Mama alichezesha mpira wa pete tangu ujana wake hadi alipostaafu, mashuleni, kwenye mashindano ya majeshi, kila mahali, na mtaa mzima unamwita Refa. Hata mwanawe, yaani mume wangu, humwita Refa akiwa mbali. Akiwa karibu ni Mama, tena kwa adabu zote.

Siku hizi anacheza hisa. Ana sheria zake. Kabla hujanunua, unamtamkia mwenzako bei ya kutokea. Kwa sauti, si kimoyomoyo. "Nanunua kwa 20, ikishuka hadi 18 natoka." Kuanzia hapo kipenga chako kiko kwa mwenzako. Ikigusa 18 anapuliza, unauza. Hakuna "ngoja kidogo". Hakuna kujieleza. Maneno ni baada ya kuuza, kwenye chai. Na hakuna kujipulizia mwenyewe, maana refa hachezeshi mechi ya timu yake.

Nilibana kicheko. Miaka tisa nimekaa ofisini nikiwaambia watu kwamba madai yao yamekataliwa. Kusema hapana ninakujua mimi, nifundishwe kwa kipenga?

Jumanne, 4 Machi

Nimepuliza kwa mara ya kwanza! Hisa za Mama za kampuni ya rangi zimegusa bei yake ya kutokea kabla hata ya chai ya saa nne. Nilipuliza kwa pumzi zote, na mshona magodoro wa chini akapanda ngazi mbio na rungu mkononi. Alidhani mwizi. Mama akamwambia mwizi yupo kweli, ila anaiba kidogo kidogo ndani ya kompyuta, na tumeshamfukuza. Akapewa chai akarudi kwenye magodoro yake.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Mama. Kipenga kilipolia alikuwa katikati ya sentensi, anasimulia habari za dada yake. Akanyamaza, akabofya, akauza, akaendelea na dada yake kutoka neno lilelile. Hasara hiyo! Pesa zake! Sura haikubadilika hata kidogo. Mimi nikipoteza chenji sokoni, siku nzima moyo wangu hautulii.

Jumatano, 5 Machi

Kimya. Hakuna aliyepuliza. Nimenunua hisa za kampuni ya vinywaji kwa 32. Nimemtamkia Mama: ikifika 29, natoka. Akaniambia nirudie kwa sauti kubwa zaidi, hakusikia vizuri. Alisikia vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Soko limefungwa ila Subira kaja. Ni jirani wa nyumba ya pili, mstaafu, alikuwa akisoma mita za maji. Jina hilo kapewa na Mama kwa sababu hajawahi kuuza hisa hata moja. Zikipanda anasubiri zipande zaidi. Zikishuka anasubiri zirudi. Ana hisa za kampuni moja ya viatu ambayo hata lango lake limeshang'olewa, na bado anasema subira huvuta heri.

Mama akamuuliza anasubiri nini pale, kwani mgonjwa husubiriwa lakini marehemu huzikwa. Subira akacheka mpaka akakohoa. Akasema kuuza kwa hasara ni kukubali kwamba umeshindwa. Mama akamjibu upesi, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mzee mwenzangu." Hapo Subira akaomba sukari.

Alipoondoka nilimuuliza Mama kama huwa anapata faida kweli. Akasema katika hisa kumi, sita zinampiga. Sita! Nilidhani natania­wa. Ila zile sita zinamkwaruza tu, anasema, kwa sababu anaziachia mapema, na zile nne anaziacha zikimbie mpaka zichoke zenyewe. Hivyo tu. Hakuna uchawi. Kitabu nilichonunua kina kurasa mia nne na sijaona mahali walipoliweka wazi hivyo.

Baadaye nilimsindikiza Mama akashuka kununua nyanya. Ngazi zinamuua. Anashuka kwa mguu mmoja kwanza, kisha anauvuta mwingine, na mkono umekamata ukuta. Goti la kulia limekwisha, miaka yote ya kukimbia kwenye saruji. Hospitali wanaweza kumwekea la bandia, na wamemshikia nafasi ya Aprili. Malipo yote kabla Machi haijaisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine, na foleni inarudi mwanzo: mwaka na zaidi. Pesa iliyo kwenye hisa ndiyo goti lenyewe. Imebaki kidogo tu itimie. Mshahara wa mwanawe tangu mimi niachishwe kazi unaishia kwenye kodi ya nyumba yetu na ada za watoto, hatuna cha kumwongezea. Linaniuma sana jambo hili.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Ya kijinga hasa.

Mama alikwenda kupigwa picha ya goti. Kipenga kikabaki mezani, mbele yangu, kinanitazama. Kabla ya saa tano vinywaji vikagusa 29. Bei yangu. Ya kutokea.

Na mimi nilifanya nini? Nilisoma masharti! Miaka tisa ya bima haiishi mwilini. Nikajiambia: sheria inasema hakuna kujipulizia mwenyewe. Mwenye kipenga changu hayupo. Kipenga hakijalia. Kwa hiyo kisheria bado niko mchezoni! Nilifurahi hata, nikaona nimepata mwanya mzuri. 28 na nusu. 28. Bado nimekaa nimekunja mikono kama wakili aliyeshinda kesi. 27.

Mama akarudi, akavua viatu, akatazama skrini kabla ya kunitazama mimi. Nikaanza kumweleza mwanya wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akaokota kipenga akakipuliza palepale sebuleni. Nikauza kwa 26 na senti themanini. Nilikuwa na hasira, na si kwake.

Nilitarajia kusemwa. Hakunisema. Akasema kosa ni lake: refa akitoka uwanjani anaacha refa wa akiba. Kuanzia leo asiyekuwepo atapigiwa simu, na filimbi italia simuni. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo juu ya sufuria, nikarudi.

Jumanne, 11 Machi

Vinywaji vimerudi hadi 31! Leo! Siku moja tu baada ya kuuza!

Nilimwonyesha Mama kwa kidole. Kama ningesubiri... Akaangalia, akatikisa kichwa, akasema hongera kwa waliobaki. Kwa moyo mweupe kabisa, kama anayepongeza timu ya wenzake. Nikamuuliza haoni uchungu. Akasema anaona, sana. Ila akianza kuhesabu zile zilizorudi, itambidi ahesabu pia za Subira ambazo hazikurudi, na hiyo hesabu ni ndefu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Bibi yangu alikuwa akiisema na mimi nikidhani ni habari ya watoto tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kanunua saruji.

Niandike vizuri, maana sijaelewa hisia zangu. Ni kiwanda kile ambacho baba mkwe, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwenye tanuri mpaka mapafu yakamuua. Nyumba hii ililipiwa na kiwanda kile. Mama anajua zamu zao, anajua ving'ora vyao, anawajua wajane wao. Amekuwa akiitazama hisa hiyo muda mrefu bila kuigusa. Leo amenunua kwa 46, na amenunua nyingi. Karibu goti lote.

Nikasema, "Mama, hii ni kubwa." Kawaida haweki zaidi ya fungu moja dogo kwenye kampuni moja, ananihubiria hilo kila siku. Akasema anajua. Ikipanda kidogo tu hadi mwisho wa mwezi, pengo la hospitali linazibika. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba hisa haiolewi. Akacheka, akasema, "Hii nilishaolewa nayo kabla hujazaliwa, mkwe."

Tukacheka wote. Kisha akageuza kiti, akanitazama usoni, akatamka: "Ikifika 41, natoka." Sauti ya uwanjani. Akachukua kipenga akanivisha shingoni mwenyewe.

Kizito.

Jumapili, 16 Machi

Tumekula wote. Mume wangu amesikia habari za saruji, na amefurahi kupita kiasi. Kampuni ya baba! Amesema hata ikishuka, ile si ya kuuza, ile ni ya familia. Mama alikuwa anagawa ugali wa watoto— hapana, wali, sijui naandika nini— akasema hisa haijui familia ya nani. Mume akanikonyeza kama kwamba tumekubaliana jambo. Sikukonyeza.

Jumanne, 18 Machi

Ilipanda hadi 47 jana asubuhi. Mama akaimba jikoni. Leo 44.

Dalali wetu wa hisa amepiga simu. Kijana mwenye sauti ya asali. Anasema kinachoishusha ni uvumi tu, wakubwa wananunua, watu wa saruji washike imara. Mama akamshukuru vizuri. Alipokata simu akaniambia huyu kijana ni mzuri sana, lakini hana goti humu.

Jumatano, 19 Machi

42 na robo.

Leo nimemwona akifanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: amesimama nyuma yangu akaitazama skrini muda mrefu, mkono kwenye mgongo wa kiti changu, akiegemea ule mguu mzima. Nikadhani atasema nishushe ile bei ya kutokea. Nikawa tayari. Angesema "tuweke 39" ningesema sawa Mama, haraka, kwa furaha! Nani angejua?

Hakusema. Alisema chai imepoa, akaenda kuipasha.

Nampenda mwanamke huyu. Sijawahi kuliandika. Nilipoolewa niliambiwa nijihadhari naye, kwamba ni mkali, kwamba ukichelewa kufika anakuonyesha saa. Kweli ni mkali. Ila ule ukali anauanzia kwake mwenyewe, hapo ndipo wanapokosea wanaomsema. Mimi ukali wangu wote miaka tisa niliutumia kwa watu waliounguliwa na nyumba.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika biashara ya hisa za saruji ikiwa imesimama. Nitaeleza kwa nini. Naandika mbio, sijui kama nitausoma mwandiko huu.

Ilifunguka 41 na nusu. Mama akaangalia mara moja tu, akachukua beseni la viazi akakaa upande wa pili wa meza, mgongo kwenye skrini. Anasema mchezaji anayetazama ubao wa magoli hachezi. Akaanza kumenya.

41 na senti thelathini. Ishirini. Ishirini. Ishirini muda mrefu.

Mume akapiga simu. Alikuwa anaifuatilia kazini kwake. Hakunisalimu. Akasema nisipulize. Akasema itarudi, kampuni ile haiwezi kufa, anaijua tangu mtoto. Nikasema Mama mwenyewe ndiye aliyetamka 41. Akapandisha sauti, na simu yangu hii mbovu inasikika chumba kizima: "Ukipuliza, ujue umemkata mama yangu mguu! Nakuomba. Nakuomba kama mumeo."

Kisu cha Mama kikasimama kwenye kiazi. Hakugeuka. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeomba chumvi, "Mwambie refa haongei na mashabiki mpira ukiwa unachezwa."

Nikakata simu. Nimemkatia mume wangu simu! Sijawahi.

Ikagusa 41.

Sikupuliza. Naliandika kwa sababu ni kweli. Kipenga kilikuwa mdomoni na hewa haikutoka. Nilimwona vile anavyoshuka ngazi, mguu mmoja, kisha mwingine, mkono ukutani. Nikaona mwaka mwingine wa ngazi hizo. Nikasema moyoni, ikae hapo hapo, isishuke, ipande senti tano tu, basi. Nilikuwa Subira mtupu.

"Mbona unapumua hivyo?" Mama akauliza viazi.

Nikapuliza.

Ilitoka mbaya, ya kukatikakatika, si kama ya siku ile. Lakini ililia. Mama akaweka kisu chini, akafuta mikono kwa khanga, akainuka. Alizunguka meza nzima kwa mguu ule, na sikuthubutu kumsaidia. Kila mtu huuza za kwake kwa mkono wake. Akakaa, akavaa miwani, akabofya. Hakukawia. Uso uleule wa siku ya rangi, ila safari hii nilikuwa karibu na niliona alivyokikaza kidevu.

Nusu ikauzwa mara moja, kwa 41. Nusu ya pili ikangoja mnunuzi. Nikahesabu pumzi mbili tatu hivi. Halafu mstari wote ukageuka kijivu. Nikadhani ni intaneti. Si intaneti! Maandishi yametokea: biashara ya hisa hiyo imesimamishwa, kampuni ina tangazo. Tangazo gani, hawasemi. Lini, hawasemi. Inaweza kuwa wamepata mnunuzi mkubwa, ikafunguka 60. Inaweza kuwa tanuri limezimwa, ikafunguka 15.

Bora nusu shari kuliko shari kamili, wanasema. Basi tunayo nusu kamili hapa mezani.

Nilimpigia dalali. Asali yote imemwisha, hajui chochote. Mume kapiga mara mbili, sikupokea. Nikamgeukia Mama nimuulize tufanye nini, nikamkuta ameshika simu yake. Anapiga hospitali. Hakungoja tangazo! Anawaambia kwamba nafasi ya Aprili wampe anayefuata, yeye hatatimiza malipo mwezi huu. Anawatajia jina lake lote na tarehe ya kuzaliwa, polepole, wasikosee wakamfuta mtu mwingine. Binti wa upande wa pili anamuuliza kama ana uhakika. Mama anasema ndiyo, mwanangu. Anamuuliza tena. Ndiyo.

Wamemwambia asubiri waingize kwenye kompyuta. Wamemwekea muziki. Ameziba simu kwa kiganja akanigeukia:

"Wakifungua, uza zilizobaki. Leo nakuruhusu kwa mkono wako, mimi niko na hawa. Bei yoyote."

"Hata kama habari ni nzuri, Mama?"

"Kipenga kimelia kabla ya habari."

Kisha akarudi kwenye muziki wake. Amekaa ameunyoosha mguu juu ya kiti kingine, analisugua goti kwa dole gumba, polepole, kama anambembeleza mtoto alale. Viazi vinabadilika rangi kwenye beseni na hakuna anayevijali.

Mimi niko hapa. Kidole kiko juu ya neno Uza. Nitauza, hilo najua, sina mwanya na wala sitafuti. Ila kuna jambo linanitisha, na sina wa kumwambia isipokuwa karatasi hii. Ningepaswa kuomba habari ziwe nzuri, zile zilizobaki ziuzwe ghali, pengo lizibike, ampigie tena binti yule amwambie rudisha jina langu. Badala yake najikuta naomba tanuri liwe limezimwa. Naomba iwe mbaya, mbaya kabisa, ili kipenga changu kiwe kilisema kweli na mume wangu akirudi nimtazame usoni. Goti la mama wa watu, na mimi naomba hivyo! Yeye hata haombi chochote. Anasikiliza muziki wa hospitali.

Mstari bado ni wa kijivu. Binti amerudi kwenye simu, anamuuliza Mama kama anataka kuwekwa mwisho wa foleni mpya au kufutwa kabisa.